Takwimu za Usharika na Watu Ambao Hatuwaoni

Wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, Bwana Yesu asifiwe. Baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili la usharika kuwahesabu watu wake katika semina nyingine, na naona mzee mmoja kule nyuma ameanza kutabasamu kwa kuwa anajua ninakoelekea. Naomba anivumilie, maana sijaona badiliko.

Tazameni kinachofanyika kila Jumapili baada ya ibada. Sadaka inamwagwa mezani, noti zinanyooshwa, sarafu za mia na za mia mbili zinapangwa kumikumi, wazee wa zamu wawili wanahesabu, wa tatu anarudia, kisha wote wanatia sahihi. Ikipungua shilingi mia tano, hakuna anayekwenda nyumbani mpaka ionekane. Sasa ulizeni idadi ya walioabudu imepatikanaje. Mzee wa zamu alisimama mlangoni wakati wa wimbo, akakadiria watu saba kwa kila benchi, akazidisha, akapunguza kidogo kwa ajili ya mabenchi ya mbele ambayo daima hayana mtu, akaandika namba inayofanana na ya Jumapili iliyopita. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba namba hiyo ina kazi, na kwa kweli haina kazi.

Lakini hata angehesabu vichwa kimoja kimoja, bado angetuambia habari za waliokuja tu, na usharika hauwezi kujijua kwa kuwatazama waliokuja tu. Hapo ndipo ninapopenda kuwapeleka London, mwaka 1854.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo kipindupindu kilizuka katika mitaa ya Soho, kuzunguka barabara iliyoitwa Broad Street, na kabla hakijakwisha kilikuwa kimeua watu 616. Daktari John Snow alishikilia kwamba chanzo ni maji ya kisima kimoja cha pampu, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile ukaondolewa. Snow anakumbukwa na kila anayesomea afya ya jamii. Anayesahaulika ni kasisi msaidizi wa Kanisa la St Luke's, Henry Whitehead, kijana ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 29, na ambaye, sikilizeni vizuri, hakumwamini Snow. Alianza uchunguzi wake akiwa na nia ya kuonyesha kwamba daktari amekosea.

Kasisi huyu alikuwa na kitu ambacho daktari hakuwa nacho: alizijua nyumba, na wenye nyumba walimjua. Aliingia vyumba ambavyo mgeni asingefunguliwa, akauliza nani alikunywa maji ya wapi na siku gani, na pale majibu yalipopingana akarudi kuuliza upya. Tena hakuridhika na orodha ya marehemu. Aliwatafuta waliougua wakapona, akawatafuta ambao hawakuugua kabisa, akawafuata hata waliokuwa wamehama baada ya msiba, kwa sababu alitambua kwamba mtaa ukiulizwa habari zake na waliobaki peke yao utatoa jibu la nusu. Alipolinganisha, alikuta kwamba kati ya watu 137 waliokunywa maji ya kisima kile, 80 waliugua, na kati ya 297 ambao hawakuyanywa, waliougua walikuwa 20. Aliyekuja kupinga akashawishika.

Kisha, alipokuwa akipitia kumbukumbu za vifo, macho yake yakatua kwenye kifo cha mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyefariki tarehe 2 Septemba baada ya kuhara kwa siku kadhaa, yaani alianza kuugua kabla ya mtaa mzima. Akaenda kwa mama wa mtoto. Mama akaeleza kwamba maji aliyofulia nguo za mtoto aliyamwaga katika shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Mafundi walipochimba walikuta matofali ya shimo lile na ya kisima yameoza, na umbali kati yake haufiki mita moja, hivyo maji machafu yalikuwa yakipenya hadi kisimani. Mstari mmoja katika daftari, na mtu wa kanisa aliyejua mlango wa kubisha.

Najua kuna atakayesema: huyo alitafuta kipindupindu, sisi tunachunga roho. Vema; basi nioneshe namna unavyomchunga mtu ambaye hujui kwamba hayupo. Mwingine ataniletea Daudi. Kila semina lazima Daudi aletwe! Ni kweli, katika 2 Samweli 24 Daudi alihesabu watu na 70,000 wakafa kwa tauni. Lakini someni alichohesabu: wenye upanga. Alitaka kujua nguvu zake. Na katika Hesabu sura ya kwanza ni Mungu mwenyewe aliyemwagiza Musa ahesabu, jina kwa jina, hata wakapatikana 603,550. Usharika unaohesabu ili ujisifu jimboni una sababu ya kumwogopa Daudi. Unaohesabu ili ujue nani wa kutembelewa hauna.

Sasa twendeni kwenye madaftari yetu, ambayo yamejaa na hayasomwi. Chukueni daftari la ubatizo la mwaka 2010, muandike majina yote, kisha mfungue madaftari ya kipaimara ya miaka ambayo watoto wale walitarajiwa kufika darasani. Majina yasiyoonekana ndiyo kazi yenu. Yapelekeni kwenye jumuiya, muulize jina moja moja: wako waliohama na wazazi, wako waliofariki, wako waliokwenda kanisa jingine, na wako walio hapa hapa mtaani wanaouza karanga Jumamosi, siku ya darasa, kwa sababu nyumbani pametetereka. Hayo ni mambo manne tofauti na kila moja lina dawa yake. Sisi tumeyaweka yote katika neno «vijana wa siku hizi» tukaridhika.

Vivyo hivyo bahasha za ahadi, zile zenye namba ambazo kila msharika hutolea sadaka aliyoahidi. Namba ya bahasha iliyotoa kila mwezi kwa miaka, kisha ikakoma, inatuambia kwamba kuna mtu amefiwa, amepoteza kazi, ameugua au amekwazika. Nasi tunafanyaje? Mtunza hazina anampelekea kumbukumbu ya deni! Barua hiyo ingepaswa kuwa mzee wa kanisa anayebisha hodi, tena bila kutaja fedha.

Naambiwa muda umekwisha, kwa hiyo yaliyobaki nayapitia mbio. Kuhusu jamii inayotuzunguka, Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012, na matokeo yake yametolewa hadi ngazi ya kata. Sensa haikuuliza dini, lakini kanisa linalotaka kujenga shule ya awali halihitaji dini ya mtoto, linahitaji kujua watoto wapo wangapi. Kuhusu siri, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, orodha ya wagonjwa pamoja na magonjwa yao haina haki ya kuwekwa katika kundi la WhatsApp la kwaya. Kuhusu programu za kompyuta, ambazo najua ndizo zilizowaleta wengi wenu, nina sentensi moja tu: daftari lisilojazwa halitajazwa kwa kuwa limehamishiwa kwenye kompyuta.

Anzeni na mwaka mmoja wa ubatizo, na kazi hiyo wapeni wazee wa jumuiya, msiwape kamati mpya.