Simama Anaposimama Mbwa

Ndugu zangu, walionisikiliza mwaka jana watanivumilia, kwa kuwa nimerudi na shauri lile lile: Jiwe la Bismarck, lile la hapa Mwanza katika Ziwa Victoria, limekwisha kupigwa picha za kutosha. Sina ugomvi na jiwe lenyewe. Ugomvi wangu ni na mpiga picha anayeamka alfajiri, akapita kando ya mawe, mchanga na matete bila kuinamisha shingo, ili tu akasimame palepale waliposimama wenzake.

Mimi nilifundishwa kuinama na mbwa. Asubuhi moja, katika ufuko wa Luchelele, nilikuwa nimekwisha kusimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu nikisubiri jua liguse maji, wakati Simba, mbwa wangu, alipong'ang'ania chini ya jiwe moja kubwa akakataa kuondoka. Nilivuta kamba mara ya kwanza, nikavuta ya pili, na mara ya tatu nikamtolea maneno ambayo sitayarudia mbele ya wazee waliomo humu. Nilipoinama kumbeba ndipo nikaona alichokuwa akikinusa, samaki mmoja aina ya furu, mkavu, mdogo kuliko kidole, na juu ya furu yule nikaona ukuta nilioupita kwa miaka: chini kabisa utelezi wa kijani kilichokolea, juu yake mkanda mweupe ulioachwa na maji, kisha weusi, kisha madoa ya rangi ya chungwa, na katikati ya hayo yote michirizi ya kinyesi cha ndege mnandi iliyoteremka kama chokaa iliyomwagika. Sisi wa hapa tunajua kwamba ziwa hupanda na kushuka, nalo lilijaa kupita kawaida mwaka 2020, lakini sikuwa nimewaza kwamba hesabu hiyo huiandika kwenye matale. Nikasogeza lenzi hadi umbali wa shubiri mbili, nikaliondoa anga, nikaliondoa ziwa, nikaondoa kila kitu ambacho kingemwonyesha mtazamaji ukubwa wa kile anachokitazama. Jua lilichomoza, nami sikuligeukia.

Najua mtakaloniuliza, kwa maana huulizwa kila mara: hii ni picha ya nini? Mbona dukani mnanunua kitenge bila kumuuliza muuzaji kwamba umbo lile ni mchoro wa kitu gani? Macho yenu yanajua tayari kupenda mstari, rangi na mpangilio. Ni kamera tu mnayoidai jina la kitu. Wala jambo hili si geni, kwani Alfred Stieglitz, mpiga picha Mmarekani, alianza mwaka 1922 kuielekeza kamera yake mawinguni, na Mmarekani mwenzake Aaron Siskind akaja kupiga rangi zilizobanduka kutani.

Wapo pia wanaosema kwamba mbwa ni wa kulinda geti, na kwamba mtu mzima anayemtembeza kwa kamba ufukweni anaiga wageni. Haya, mwacheni getini, lakini tafuteni basi kitu kingine kitakachowasimamisha mahali ambapo hamkukusudia kusimama, maana mimi bado sijakipata.

Naona mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo mengine nitayapitia mbiombio. Mkitaka wimbi ligeuke moshi, acheni shata, ule mlango wa kamera unaopitisha mwanga, wazi kwa robo ya sekunde au zaidi, na mfanye hivyo kabla ya saa mbili, jua likiwa halijawa kali. Msiingie majini kwa ajili ya picha, kwa maana kichocho hakichagui msanii. Magugu maji nitayazungumzia mwakani. Na dagaa walioanikwa kule Igombe, ambao kwa karibu hung'aa kama fedha iliyosagwa, wana wenyewe: ombeni ruhusa, na mbwa afungwe mbali kabisa, kwa sababu Simba aliwahi kunilipisha sado nzima, na picha niliyoipiga siku hiyo haikutoka.