Panya Haugui Homa ya Ini B, Sasa Tunafanyaje?

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Kuna dada kaniuliza pale mlangoni, kwani nyie watafiti wa kansa ya ini si mnachukua tu panya mnampa ugonjwa mnajaribu dawa? Natamani ingekuwa hivyo. Homa ya ini B, ambayo ndo inaleta kansa nyingi za ini huku Afrika, panya haimshiki kabisa, virusi vinapita mlango fulani kwenye seli ya ini unaitwa NTCP, ulijulikana 2012, sasa ule wa panya hauvikubali, na hata ukimwekea wa binadamu bado vinagoma. Sumukuvu nayo inaleta kansa ya ini, hii ya mahindi na karanga zenye ukungu, ila panya wale wadogo wakishakua ini linaivunja chapchap, wakati 1960 kule Marekani samaki wa kufugwa, trauti, walijaa uvimbe wa ini kwa sababu ya chakula chenye hiyo sumu tu!

Kwa hiyo wengi wanatumia kemikali ya kumletea panya kansa, inaitwa DEN, sindano moja mtoto wa panya akiwa na wiki mbili, ukija kumpasua baada ya miezi kama tisa unakuta vinundu vyeupe vimetokeza juu ya ini. Lakini we tazama katikati ya hivyo vinundu. Ini laini, linang'aa, kama la buchani asubuhi. Wagonjwa wetu wengi hawana ini la hivyo, lao ni gumu, limejaa makovu, hata dawa haliimudu, ndo maana mi nasema dawa ikifanya vizuri kwa panya wa DEN tusianze kupiga vigelegele. Wengine siku hizi wanamwongezea kaboni tetrakloridi ili ini lipate makovu kwanza, afadhali.

Mimi mnyama wangu ni wudichaki, wa Amerika Kaskazini, ukoo wa kindi ila ukimwona utaapa ni pimbi. Wudichaki wa zoo ya Philadelphia, Marekani, walikuwa wanakufa kwa kansa ya ini, watu wakachunguza, 1978 Jesse Summers na wenzake wakatoa habari ya kirusi ndugu kabisa wa homa ya ini B. Akiambukizwa mchanga kikakaa naye, karibu wote kansa inawapata, miaka miwili mpaka minne hivi. Safi sana, ila msicheke, huyu naye kwa kawaida makovu hapati.

Haya, maswali. Kaka wa shati la kijani.