Mabakuli ya kabatini

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, nipo na kaka yangu Baraka hapa Dar es Salaam, na leo nimebeba mabakuli ya zamani kutoka nyumbani.

BARAKA: Umebeba kabati zima, dada. Hata pa kuweka kikombe changu cha chai hakuna. Haya, tuanze na hili la bati lenye maua mekundu. Kwetu hili lilikuwa la kuoshea mchele.

ZUHURA: Ligeuze kwanza. Chombo cha zamani hakisomwi usoni, kinasomwa kitakoni.

BARAKA: Kuna herufi za Kichina, na chini yake "Made in China".

ZUHURA: Sasa unaijua TAZARA, reli ya kutoka hapa kwenda Zambia. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Wachina walitukopesha fedha za ujenzi, lakini sehemu ya gharama za huku, mishahara na kadhalika, ilitokana na mauzo ya bidhaa za Kichina zilizoletwa kwa mkopo huohuo. Zikaingia madukani, watu wakanunua. Ndiyo maana ukipita kwa wazee wengi wa mji huu hukosi chombo cha Kichina cha enzi zile. Hili lenyewe siwezi kuliapia, risiti sina.

BARAKA: Kumbe tumekulia mchuzi wa reli!

ZUHURA: Ndiyo hivyo. Na lile tunaloita bati ni chuma kilichopakwa unga wa kioo, kikaingizwa kwenye tanuri la moto wa nyuzi 800 hivi mpaka unga ukayeyuka na kushika. Kwa hiyo unapolishika hili umeshika kioo. Likianguka linabanduka, na palipobanduka panaota kutu.

BARAKA: Hili limebanduka ukingoni hapa.

ZUHURA: Ukingoni kwa nje halinisumbui. Likibanduka ndani, pale kijiko kinapopita, silitilii tena chakula. Vipande vya kioo kwenye maharage sivitaki.

BARAKA: Haya, na hili kubwa la udongo? Zito, lina michoro kama imegongwa muhuri.

ZUHURA: Umeona vizuri. Sifongo hukatwa umbo la ua au jani, inachovywa rangi, inagongwa kuzunguka bakuli. Angalia hapa, ua la mwisho limembana la kwanza, fundi nafasi ilimwishia. Haya yalitengenezwa Uholanzi, mji wa Maastricht, kwenye viwanda kama cha Petrus Regout, karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Walikuwa wanauza mpaka Zanzibar na pwani yote hii, na wanunuzi wa huku walipenda rangi kali. Ndiyo maana nyumba za zamani za Unguja unayakuta.

BARAKA: Na hivi vidoti vitatu kitakoni? Nilidhani ni ubovu.

ZUHURA: Ni alama za vijiti vilivyolishikilia ndani ya tanuri ili lisigandane na jingine. Mimi nikiviona moyo unatulia. Maandishi nayo yanasaidia kujua umri: ukikuta "England" peke yake, mara nyingi ni baada ya 1891, maana Marekani mwaka ule ilianza kudai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. "Czechoslovakia" haiwezi kuwa kabla ya 1918. "West Germany" ni kati ya 1949 na 1990. Ila nembo inaigizwa, usinunue nembo.

BARAKA: Mimi swali langu ni moja, na najua utakasirika. Ya nini yote haya? Kwetu kabati la vyombo vya wageni lina kufuli. Wageni wanakuja, wanakula kwenye plastiki, wanaondoka.

ZUHURA: Sikasiriki, nakuunga mkono! Bakuli la mchuzi limeumbwa litiwe mchuzi. Kulifungia miaka thelathini halafu watoto wagombanie mirathi ya kitu ambacho hawajawahi kukilia, hilo silielewi. Ila kulitumia kuna adabu yake.

BARAKA: Adabu gani? Kuosha kwa mkono?

ZUHURA: Hiyo ndogo. Kubwa ni sumu ya madini ya risasi. Zamani yalitiwa kwenye ule utando unaong'aa ili uyeyuke upesi na upendeze. Huyaoni, huyasikii ulimini. Yanayoyatoa ni uchachu. Sasa fikiria meza yetu: kachumbari ya ndimu, achari ya embe, ukwaju, urojo.

BARAKA: Aisee. Yaani chakula chetu chote.

ZUHURA: Chetu chote! Kwa hiyo hili la Maastricht mimi naliwekea tende, karanga, vitumbua, machungwa yenye maganda yake. Kitu kikavu, kisilale humo. Kachumbari inakwenda kwenye bakuli la kioo la kisasa, wala hakuna mgeni atakayelalamika. Na kama kuna watoto wadogo au mjamzito, ndiyo usijaribu kabisa.

BARAKA: Na kaure, yale meupe ya Kichina?

ZUHURA: Lishike juani, uweke vidole nyuma yake. Ukiona kivuli cha vidole, hiyo ni kaure. Inachomwa kwa moto mkali zaidi na utando wake hauhitaji risasi. Wasiwasi ni rangi zilizopakwa juu ya utando. Pitisha kidole ndani: ukihisi maua yameinuka, usilitilie kitu kichachu.

BARAKA: Kaure ndiyo ile ya makaburi ya Kunduchi?

ZUHURA: Ile ile. Wazee wa pwani walijengea mabakuli na sahani za Kichina kwenye nguzo za makaburi, Kunduchi hapa na Kaole kule Bagamoyo. Nenda uone: sehemu nyingi zimebaki vishimo vya duara tu. Watu wamebandua.

BARAKA: Wakauza.

ZUHURA: Kwa hiyo mtu akikuletea bakuli la Kichina lina chokaa imeganda mgongoni, muulize limetoka wapi, na jibu likiyumba, ondoka. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kununua cha kaburini mimi naona aibu hata kama sheria isingekuwepo.

BARAKA: Hapo tuko pamoja. Sasa kwa asiye na bibi wa kumrithi, aende wapi?

ZUHURA: Soko la Karume hapa Dar, kwenye vyombo vya mtumba, asubuhi kabla jua halijawa kali. Wauza chuma chakavu pia, kwa vya shaba, maana wao wanapima kilo, hawapimi uzuri. Shaba iwe imepakwa bati ndani, ile metali nyeupe, si bati la maua. Ukiona wekundu umetokeza, hakuna ndimu humo. Na bakuli la udongo ligonge kwa kucha kabla hujataja bei. Likilia, zima. Likijibu kwa sauti ya kukaba, lina ufa hata kama huuoni.

BARAKA: Muuzaji atakuona mjuaji, bei ipande.

ZUHURA: Ndiyo maana unagonga matatu, hilo unalolitaka liwe la pili.

BARAKA: Hahaha! Dada una hila. Kuna ujumbe hapa, msikilizaji wa Mbagala anauliza: bakuli la mama yake lina mstari wa dhahabu, anaweza kupashia wali kwenye maikrowevu?

ZUHURA: Hapana, mpenzi. Dhahabu ile ni dhahabu kweli, ni metali, itatoa cheche na mstari utaungua. Pasha kwenye kitu kingine, halafu suuza bakuli la mama kwa maji ya uvuguvugu kwanza, ndipo upakue. Wali wa moto kwenye kaure baridi ndio unaolipasua.

BARAKA: Na aliyegandisha lake kwa gundi?

ZUHURA: Aweke funguo.