Tope lenye sukari: sura za Jimmy Lee Sudduth

Haya jamani, mliosimama nyuma sogeeni, viti vipo. Leo tumzungumzie mzee mmoja wa Alabama, Marekani, Jimmy Lee Sudduth, kazaliwa 1910 kafariki 2007, shule ya sanaa hakukanyaga, brashi hakuitaka, anapaka kwa vidole tu, na rangi yake kubwa ilikuwa tope.

Tope hilihili. Utotoni alikuwa anafuatana na mama yake porini kutafuta mitishamba, dogo akachora kwa tope kwenye kisiki, siku kadhaa baadaye wanarudi wanakuta mchoro upo, mama akasema hiyo ishara. Ndivyo mwenyewe alivyosimulia.

Mtaniuliza, tope likikauka si linapukutika? Ehee. Alikuwa analikoroga na sukari au molasi, ule uji mzito mweusi wa miwa, linanata. Nikajaribu nyumbani kuchora uso kwenye vipande viwili vya plaiwudi, kimoja tope na maji matupu, kingine nimetia sukari. Asubuhi napitisha kidole kwenye cha kwanza, pua nzima ikabaki mkononi. Cha pili kikagoma kabisa, ila sisimizi walikuja ukoo mzima, na hapo sikuwa nimejiandaa.

Sasa rangi. Alikuwa akisema kapata rangi 36 za udongo, halafu kijani anasugua majani, nyeusi masizi, kahawa nayo haikupona. Watu wengi wakimtaja wanaishia hapo, kuhesabu rangi, mi naona utamu uko kwenye matabaka. Kwenye hicho kipande changu nilianza na udongo mwekundu, nikauacha ukauke kabisa (msiharakishe, ukiwa mbichi vyote vinakuwa uji), juu nikasugua wa kahawia kwa kidole gumba, basi pale nilipokandamiza wekundu ukachungulia, shavu likapata damu bila mimi kupaka shavu. Tena tope nene linainuka, ukileta taa kwa ubavuni pua inatupa kivuli chake yenyewe. Ndo maana sura zake, zile alizojichora mwenyewe na mbwa wake Toto, kwenye simu zinaonekana kama za mtoto, simu inaonyesha rangi, unene hauonekani.

Uzeeni kuchimba udongo kukamshinda akahamia rangi za akriliki za dukani. Zinang'aa, sikatai, lakini kwangu zimelala bapa.

Kipande changu hicho hapo mezani, pitisheni vidole shavuni, ila mliokula biskuti futeni mikono kwanza, maana sisimizi wameshapajua.