Tandiko la Marehemu Baba

(Kengele ya baiskeli, mara mbili.)

MWANAIDI: Assalaam aleikum wasikilizaji wetu, karibuni tena barazani. Mimi ni Mwanaidi, niko na fundi wetu wa baiskeli, kaka Hamza.

HAMZA: Waaleikumu salaam. Leo tunarekodi uani kwangu, Ngamiani hapa Tanga. Mkisikia jogoo au watoto wa jirani, msishangae.

MWANAIDI: Na mkisikia hiki… (kishindo mezani) …kaka Hamza, waeleze ni nini.

HAMZA: Tandiko la baiskeli. Wapo wanaosema siti, wengi wetu tunasema kiti, ila mimi neno tandiko nalipenda, ndilo hilo hilo la punda na la farasi. Hili ni la ngozi, lina springi mbili nyuma. Ngozi imekuwa nyeusi inang'aa, na ina vibonde viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Cha kulia kimezama zaidi.

MWANAIDI: La marehemu baba yangu. Alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la mkonge, na mguu mmoja alikuwa akiuburuta kidogo tangu ujana wake, ndiyo maana upande ule umezama. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta sufuria stoo, nikalikuta limefungwa kwenye gunia. Nilikaa chini palepale. Mtu mwenyewe hayupo miaka tisa sasa, lakini alipokuwa akikaa papo vilevile, unaweza kupapasa kwa kidole.

HAMZA: Mungu amrehemu.

MWANAIDI: Amin. Sasa wasikilizaji, nimelileta kwa sababu nina shida, na shida yenyewe mmeniandikia wengi, hasa kina dada. Ni kuumia unapokaa. Mnajua mimi nakuja mjini kutoka Pongwe, zaidi ya kilomita kumi kwenda, na kurudi ni hivyohivyo. Baiskeli niliyonunua mwaka jana ilikuwa na kiti chembamba, kigumu. Nikalalamika dukani, yule muuzaji akanitolea kiti kinene, sponji tupu, ukikibonyeza kinadidimia kama mkate wa mofa mbichi. Akaniambia, "Dada, hapo utakaa kama kwenye kochi." Nikalipa. Siku ya kwanza raha. Siku ya tatu, nikifika Mabanda ya Papa, nasikia ganzi. Jioni nashuka natembea kwa kutanua miguu.

HAMZA: Pole sana. Na hilo ndilo kosa linalowaponza watu wengi, naomba nilieleze taratibu. Ukikaa kwenye baiskeli, kinachopaswa kubeba uzito ni mifupa miwili iliyoko chini ya nyonga, ile unayoisikia ukikaa kwenye ngazi ya saruji. Mifupa imeumbwa kubeba. Nyama laini iliyo katikati haikuumbwa kubeba. Pale kuna mishipa ya damu na ya fahamu. Sasa sponji nene, mifupa ikizama, ile sponji ya katikati inapanda juu. Inakuja kugandamiza palepale pasipotakiwa kuguswa. Ndiyo ganzi.

MWANAIDI: Kwa hiyo ulaini wenyewe ndio ulioniumiza.

HAMZA: Ndio. Kwa mtu anayekwenda sokoni dakika tano, sponji haina neno. Lakini kwa nusu saa na zaidi, unataka kitu kilicho imara chenye upana unaolingana na mifupa yako. Na mifupa hiyo haitofautiani kwa unene wa mtu. Mtu mnene anaweza kuwa na mifupa iliyokaribiana, mwembamba akawa nayo mbalimbali. Kwa wastani ya wanawake iko mbalimbali zaidi kidogo, maana nyonga zao ni pana.

MWANAIDI: Tulipima jana. Mtu yeyote anaweza kupima nyumbani, hahitaji fundi. Kaka Hamza alichana boksi la katoni, lile lenye mawimbi ndani, akaliweka juu ya kigoda. Akatoka, nikakaa peke yangu, nimevaa nguo nyepesi, nikainua magoti kidogo na kuinama mbele. Nikahesabu hadi thelathini. Nilipoinuka, boksi lilikuwa na vishimo viwili.

HAMZA: Unaweka nukta katikati ya kila kishimo, unapima kwa rula. Yake ilikuja sentimita 13. Hapo unaongeza sentimita mbili mpaka nne, kwa sababu mfupa usikae ukingoni. Anayeinama sana mbele, kama wale wa mashindano, anaongeza kidogo. Anayekaa wima kama sisi wa baiskeli za mjini anaongeza zaidi.

MWANAIDI: Na kile kiti changu cha kwanza, kile chembamba?

HAMZA: Sentimita 14 ukingo kwa ukingo. Mifupa ilikuwa inaning'inia pembeni. Kwa hiyo ulitoka kwenye chembamba ukaingia kwenye laini, na hakuna muuzaji aliyekuuliza kipimo chako.

MWANAIDI: Dada zangu, naomba niseme hili wazi. Sisi tunaona haya kulisema, tunafika nyumbani tunajipaka mafuta, tunanyamaza. Mwisho baiskeli inaegeshwa ukutani, unasema "mimi baiskeli imenishinda". Haijakushinda. Ukihisi ganzi, simama kwenye pedali kidogo, damu ipite, na ukifika angalia kiti. Angalia na nguo. Suruali ya jinzi ina mshono mnene palepale katikati, kwa safari ndefu unachubua. Mimi navaa suruali laini ndani ya dera, na dera nalikunja upande wa kushoto, mbali na cheni.

HAMZA: Na baiskeli yenye kava la cheni. Nimeshakata khanga za watu kwenye cheni mara nyingi, wakati mwingine ni ile waliyopewa harusini. Inauma kukata.

MWANAIDI: Turudi kwenye tandiko. Tuanzie kwenye jina lililogongwa kwenye bati la nyuma.

HAMZA: Brooks, England. Kampuni ya Birmingham. Mwanzilishi wake alikuwa fundi wa ngozi, alianza mwaka 1866 akitengeneza vifaa vya farasi. Kampuni yenyewe husimulia kwamba farasi wake alipokufa mwaka 1878 aliazima baiskeli aende kazini, na kiti kilikuwa cha ubao. Akaumia kama ulivyoumia wewe. Mwaka 1882 akasajili tandiko lake la ngozi. Ndiyo nikasema neno letu linafaa: aliyekuwa akimtandika farasi akaja kuitandika baiskeli.

MWANAIDI: Ngozi yenyewe imewambwa kama ngoma.

HAMZA: Hasa. Haina sponji hata chembe. Imekazwa kati ya chuma cha mbele na chuma cha nyuma, chini ni wazi. Ikipata jasho na joto na uzito, inalegea pale mifupa inapokaa tu, kwingine inabaki vilevile. Mwanzo ni ngumu kama meza. Baada ya kilomita mia kadhaa inakuwa yako.

MWANAIDI: Na adui yake maji.

HAMZA: Maji na mafuta ya kupita kiasi. Watu wanaikuta imekauka wanaimiminia mafuta ya nazi, au ya gari, ngozi inalegea kama kiatu kilicholoa. Hili lako nimelipangusa kwa kitambaa, likakauka kivulini, kisha nta ya nyuki kidogo juu. Mwaka 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nilipata tabu ya kufunika viti wakati wa mvua, mpaka mke wangu akanipa kofia yake ya kuogea. Inaingia vizuri kabisa, ina lastiki.

MWANAIDI: Tutalifunga sasa hivi, nataka wasikilizaji wasikie. Ila kwanza ile sauti, kaka. Nilipofika jana ulinisikia tangu kule kona.

HAMZA: Kta, kta, kta. Kila mguu wa kushoto ukishuka. Baiskeli hii ya pili uliyokuja nayo ni ya baba pia?

MWANAIDI: Fremu ni yake, ndiyo. Vingine vimebadilishwa.

HAMZA: Hiyo ni kotapini. Kwa wasiojua, kwenye baiskeli hizi za zamani mkono wa pedali umeshikwa na pini ya chuma yenye upande mmoja bapa. Ikilika, mkono unacheza. Fundi wa haraka anachukua nyundo anaigonga, nati anaikaza, unaondoka. Kesho imerudi. Tena ukigonga bila kuegemeza mkono juu ya chuma kizito, pigo lote linaingia kwenye gololi na kutia vishimo pale zinapozungukia. Mimi nimeitoa, nimekuta ule upande bapa umechongeka ngazi, unaukuna kwa ukucha. Nimeweka mpya, nimeisugua kwa tupa mpaka ikakaa sawa. Na pini mbili zinaingia kwa kupishana, moja kutoka mbele na nyingine kutoka nyuma, la sivyo pedali hazitakuwa mstari mmoja.

MWANAIDI: Upepo je? Tairi la nyuma kila asubuhi lipo chini, na kila nikipeleka pale barabarani nabandikwa kiraka. Tyubu lina viraka vitano.

HAMZA: Fundi alilizamisha kwenye karai la maji? Viputo vilionekana?

MWANAIDI: Mara ya mwisho hapana. Akasema "tundu ni dogo sana", akabandika.

HAMZA: Akabandika pasipo na tundu! Hilo linanikera, maana dada huyu analipia. Sikilizeni. Valvu za baiskeli hizi zina kimpira chembamba ndani, kama mrija, kinachovikwa juu ya kichuma cha valvu. Jua letu na chumvi ya hapa vinakichakaza. Kikipasuka, upepo unatoka polepole usiku kucha, na tyubu ni zima. Paka mate mdomoni mwa valvu, ngoja. Kiputo kikichungulia, umeshajua. Nimekibadilisha, nimejaza jana jioni, leo bonyeza.

MWANAIDI: (kimya kidogo) Liko gumu.

HAMZA: Na kama ni pancha kweli, usikimbilie kiraka. Pitisha vidole ndani ya tairi lenyewe, polepole, kwa kitambaa kama una wasiwasi. Mwiba wa mgunga unavunjikia ndani ya mpira, kwa nje huuoni. Ukiuacha, unatoboa kiraka chako kabla hujafika. Kisha sugua kwa msasa, paka gundi, na uiache ikauke mpaka isishike kidole. Wengi wanabandika ikiwa mbichi.

MWANAIDI: Haya, tufunge tandiko.

(Sauti ya spana. Chuma kinagonga chuma.)

HAMZA: Naliweka usawa kwanza, kama meza. Pua ikiinuka itakubana mbele, ikiinama utateleza na mikono itabeba mwili. Sasa urefu. Panda, shika ukuta. Weka kisigino juu ya pedali, iteremshe chini kabisa.

MWANAIDI: Goti limekunjwa.

HAMZA: Basi ni fupi. Kisigino kikiwa pale, mguu unyooke. Halafu ukiendesha kwa mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo. Kiti kikiwa chini, magoti yanauma kwa mbele. Kikiwa juu mno, nyonga zinacheza huku na huku, na huko ndiko kuchubuka. Shuka. (spana) Panda tena.

MWANAIDI: Umenyooka. Lakini kaka, nikisimama kwenye taa sifiki chini kwa miguu yote.

HAMZA: Vidole vya mguu mmoja vinafika?

MWANAIDI: Vinafika.

HAMZA: Inatosha, ukizoea kushuka kwenye kiti unaposimama. Kama unaogopa barabara kuu, tushushe sentimita moja kwa mwezi huu. Usalama kwanza. Zunguka uani.

(Matairi juu ya mchanga. Kengele. Mtoto anacheka.)

MWANAIDI: Subiri… Upande wa kushoto, subhanallah, kama nimekaa mkononi mwa mtu. Wa kulia nazama. Naegemea.

HAMZA: Nililiogopa hilo, sikutaka kukukatisha moyo. Upana unakufaa, ila kile kibonde ni cha mguu wa mzee. Ngozi iliyozoea mtu mmoja miaka mingi haimsahau kirahisi.

MWANAIDI: Kwa hiyo hainifai?

HAMZA: Sijasema hivyo. Chini ya pua kuna nati ya kukazia ngozi. Tutaikaza kidogo sana, kibonde kitapanda kiasi. Utembee nalo wiki mbili, safari fupi tu, mpaka Raskazone na kurudi. Pongwe tumia lile jingine nitakalokuazima, la upana huo huo. Likikukubali, sawa. Likikataa tutalitafutia mahali ukutani, na wewe utanunua lako jipya ulianze mwenyewe.

MWANAIDI: Nitajaribu. Hata likikataa, nimeshakaa alipokuwa akikaa. Nipe spana, hiyo nati nataka niikaze mimi.

HAMZA: Hii hapa. Shika hivi, isikupasue kidole. Robo mzunguko.

MWANAIDI: Robo tu?

HAMZA: Robo. Uendeshe kwanza, ndipo uniulize nyingine.

(Spana. Kengele mara moja.)