Sakafu ya Bibi, Mikindani

MUSSA: Wasikilizaji, habari za tangu juzi. Mkinisikia nakwama puani, si mafua. Ni vumbi la mninga.

SOMOE: Umeianza kweli? Ile sakafu ya ghorofani kwa bibi?

MUSSA: Tangu Jumamosi, dada.

SOMOE: Ulifunga nini puani?

MUSSA: Leso.

SOMOE: Leso haizuii vumbi la mninga, kaka. Marehemu baba alipasua mbao hizo maisha yake yote, usiku kifua kinalia filimbi. Nunua barakoa ya vumbi, madirisha yote wazi.

MUSSA: Nimekusikia. Basi, nikazamisha misumari kwanza, maana msumari mmoja tu unachana mkanda wa mashine ya kusugulia. Nikaanza na msasa namba 40, ule wa kukwaruza zaidi, nafuata nyuzi za mbao. Ukiacha mashine isimame mahali pamoja huku inazunguka, inachimba bonde. Leo nilipanga tuanzie hapo, namba 40, kisha 80, kisha 120, halafu rangi, halafu vanishi. Ila jirani akaja na chupa.

SOMOE: Chupa ya nini?

MUSSA: Mafuta ya maganda ya korosho. Anasema ukipaka, mchwa hausogei.

SOMOE: Hukupaka!

MUSSA: Pembe moja, chini ya dirisha.

SOMOE: Lete mkono. Ee, Mussa! Wasikilizaji, kidole cha kati kimevimba, ngozi imekuwa ya kahawia, inabanduka kama ganda la kitunguu. Wewe si mtoto wa Mtwara? Hukuwahi kuchoma korosho kwenye bati?

MUSSA: Nilichoma sana. Mafuta yanaruka yanashika moto, unarudi nyumbani mdomo umebabuka, na mama anajua ulikuwa wapi kabla hujasema.

SOMOE: Sisi tulijipaka majivu mikononi kabla ya kubangua. Bibi yangu hakuturuhusu kugusa ganda bila majivu.

MUSSA: Sisi mchanga.

SOMOE: Mchanga haufiki kwa majivu! Majivu yanakausha yale mafuta.

MUSSA: Lakini jirani hajasema uongo. Mafuta hayo yanaingia kwenye vanishi na rangi za viwandani.

SOMOE: Yanaingia, hata kwenye breki za magari. Ila kiwandani yanapitishwa motoni kwanza, ukali unapungua. Ya chupa ya jirani ni mabichi. Hiyo pembe imekauka?

MUSSA: Siku ya tano leo, bado inanata.

SOMOE: Na wajukuu wanatambaa humo.

MUSSA: Nimewafungia mlango. Nitaisugua upya, na glavu. Sasa tuje kwenye rangi, maana muda...

SOMOE: Rangi ipi? Mninga haupakwi rangi.

MUSSA: Mbao nne zilioza, dada. Nimeweka za msonobari, pesa yangu ilifika hapo. Nyeupe kama maziwa katikati ya wekundu ule. Lazima nizifananishe.

SOMOE: Fananisha hizo nne peke yake. Mninga uliokanyagwa na bibi yako miaka yote hiyo, unaufunika na rangi ya kopo?

MUSSA: Nikipaka nne tu, msonobari unanyonya kwa madoadoa. Itaonekana kiraka.

SOMOE: Kiraka si aibu. Atakayekuja ajue hapa paliungwa.

MUSSA: Bibi alitaka nyumba ionekane nzima. Mimi naijali kuliko unavyofikiri.

SOMOE: Sijasema huijali. Nasema mninga una rangi yake.

MUSSA: Nimeshajaribu jana jioni, mbao mbili. Zimependeza.

SOMOE: Sitaki kuziona.

MUSSA: Utaziona Idi.

SOMOE: Nitakaa chini, sipandi.

MUSSA: Haya. Zimebaki dakika tatu, na vanishi hatujaigusa, wala ile alama ya penseli ya kujua msasa umefika kila mahali.

SOMOE: Ziache. Hiyo rangi yako ya jana ni ya maji au ya mafuta?

MUSSA: Mafuta. Mafuta ya mbegu za kitani.

SOMOE: Na matambara uliyofutia?

MUSSA: Nimeyakunja yote pamoja, nikayatia kwenye ndoo chini ya ngazi.

SOMOE: Makavu, bila maji?

MUSSA: Makavu.

SOMOE: Mussa, yale mafuta yakikauka yanajitia joto yenyewe. Tambara likikunjwa linaweza kuwaka bila kiberiti. Yanatakiwa kuanikwa moja moja nje, au kuloweshwa maji. Nani yuko nyumbani sasa hivi?

MUSSA: Shangazi.

SOMOE: Mpigie. Aitoe ndoo uani aijaze maji. Zima hiyo mashine ya kurekodia, mimi naita bajaji.