Mwenyewe yuko nje, hapatikani

Assalaam aleikum, hamjambo nyote mnaonitazama kutoka Malindi, watu wa Shela, Maweni, Barani, Muyeye, mpaka kule Mambrui na Gongoni. Leo sisemi habari za kazi wala theluji. Nataka tuzungumze juu ya nyumba za kupanga, kwa sababu wengi mwaniandikia kwamba mpangaji wa Marekani hana shida, akipiga simu tu fundi yuko mlangoni. Sivyo, ndugu zangu. Na wapo vijana wanaouza mashamba ya wazee wao ili waje Marekani kwa kuamini hayo, ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Mimi naishi Columbus, Ohio, kwenye fleti. Majengo mengi yaliyofanana, ua mmoja, ofisi moja pale langoni. Mwenye majengo simjui, na jirani zangu hawamjui. Aliyenipa ufunguo ni mfanyakazi wa kampuni ya usimamizi. Huyo akaondoka, akaja mwingine, naye akaondoka. Kila anayekuja waanza kumweleza upya. Kabla ya kupewa hiyo fleti walipa ada ya maombi, na ukikataliwa pesa hairudi. Wanachunguza mshahara wako, madeni yako, na kama umewahi kushtakiwa na mwenye nyumba. Ukishaingia, kodi mliyokubaliana yaanza kuzaa: ada ya taka, ada ya dawa ya wadudu, ada ya kuegesha gari. Ukichelewa, faini.

Hayo yote nayavumilia. Kilichonichosha ni hita, ile mashine ya kupasha nyumba joto.

Januari hita ilikufa. Nyinyi huko ni kaskazi, mama yangu ananipigia video huku anajipepea, jasho linamtoka, na mimi nimekaa kitandani na koti, kofia na soksi mbili mbili. Nje ni chini ya sifuri. Ofisini hawataki uende ukaseme kwa mdomo, wanataka uweke ombi kwenye programu ya simu. Nikaweka. Nikaletewa ujumbe, ombi limepokelewa. Kisha ukaja mwingine: kazi imekamilika. Imekamilishwa na nani? Hakuna aliyebisha hodi kwangu. Nikaweka ombi tena, likafungwa tena. Nikapiga simu, sauti ya mashine ikaniambia nirudi kwenye programu. Yule dada wa ofisini nilipomwendea alinionyesha skrini: kwao shida yangu ilikuwa imeshaisha. Naye si mtu mbaya, alikuwa akinisikitikia kwa kweli. Lakini hakuwa na uwezo wa kutoa hata hita ndogo ya umeme bila idhini ya watu walio mji mwingine.

Jirani yangu, Mkongomani mwenye watoto wadogo, naye hita yake ilikuwa imekufa. Akasema, mimi kodi silipi mpaka watengeneze. Nikamshika mkono, nikamwambia, baba, usifanye hivyo. Hili nalisema kwa sauti kwa kila Mswahili aliyeko Ohio na anayesikia. Ukigoma tu kulipa, mwenye nyumba aweza kukupa notisi ya siku 3 na kukimbilia mahakamani kukutoa. Na kesi ya kutolewa nyumba inakufuata, kila fleti utakayoomba baadaye wataiona.

Sheria ya Ohio ina njia yake. Mwenye nyumba analazimika kuweka vyombo vya joto, maji na umeme katika hali nzuri. Kikiharibika kitu, unamwandikia barua. Barua ya maandishi, yenye tarehe, umpelekee yeye au wakala wake, nakala ubaki nayo. Asiporekebisha kwa muda unaofaa, na muda huo hauzidi siku 30, na wewe kodi yako imelipwa yote, basi kodi inayofuata unaweza kuipeleka kwa karani wa mahakama badala ya kumpa yeye. Hujakataa kulipa. Umelipa, ila pesa iko mahakamani na mwenye nyumba haigusi mpaka jambo litatuliwe. Na hawaruhusiwi kukupandishia kodi au kukufukuza kwa kukukomoa eti kwa sababu umelalamika.

Tuliandika barua mbili, yake na yangu, tukataja karani wa mahakama ndani. Fundi alikuja. Aliibadilisha sehemu iliyoungua na joto likarudi siku hiyo hiyo. Zile jumbe zote za programu hazikumleta, barua ya ukurasa mmoja ikamleta.

Sasa nije nyumbani Malindi, maana huko ndiko moyo wangu uliko.

Mimi nimelelewa kwenye chumba cha kupanga Maweni. Mwenye nyumba alikaa vyumba vya mbele, sisi wapangaji vya nyuma, choo kimoja, kisima kimoja cha maji ya chumvi. Alikuwa na maudhi yake. Kodi ikichelewa aliweza kukupigia kufuli ukalala nje na watoto, na sitaki kuyapamba hayo. Lakini choo kikijaa kilimnukia yeye pia. Ulimjua, mkewe ulimjua, na akikudhulumu mama yako aliweza kwenda kukaa na mkewe wakazungumza kiutu uzima.

Tazameni Malindi ya leo. Fleti za ghorofa zinaota kila upande, na nyingi zimejengwa kwa pesa za nani? Zetu sisi tulioko nje. Unatuma pesa kutoka Marekani, Uingereza, Ujerumani, jengo linaisha, unamkabidhi ajenti, kazi yako inabaki kupokea kodi. Pampu ikifa, bomba likipasuka, chumvi ya bahari ikila mabati, mpangaji anampigia ajenti. Na ajenti anajibu nini? "Mwenyewe yuko nje, hapatikani." Mpangaji ananunua maji ya boza kwa pesa yake na kodi analipa vilevile. Akihama, dipoziti yake imekatwa yote eti kwa kupaka rangi, na risiti ya rangi haonyeshwi.

Ndugu yangu wa ughaibuni, unayaonea uchungu ya huku ughaibuni, na yule wa Muyeye anayaona hayo hayo kwa sababu yako. Unapatikana. Una simu mbili.

Na wewe mpangaji, usiingie fleti kwa maneno matupu. Sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba Kenya inamlinda mpangaji anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na fleti ya bei hiyo Malindi utaipata wapi? Kwa hivyo mkataba wako ndio kila kitu. Soma kile kipengele cha dipoziti. Piga picha kuta, sinki na choo siku ya kuingia, mbele ya ajenti. Lipa kwa M-Pesa, ujumbe usiufute. Wakishika pesa yako bila sababu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Hulazimiki kuwa na wakili.

Sisi kwetu, mimi na ndugu zangu, tuna vyumba vinavyojengwa huko Muyeye, bado kupiga plasta. Tumeshakubaliana: namba yangu itaandikwa ndani ya mkataba wa kila mpangaji, chini ya ile ya ajenti. Dipoziti zitakaa akaunti ya peke yake, haziguswi kununua simenti. Ajenti akikata pesa, alete risiti na picha, mpangaji apewe nakala.

Video ijayo nataka kusoma mikataba ya kweli ya Malindi. Kama unayo, nitumie picha ya kile kipengele cha dipoziti na kile cha matengenezo. Jina lako lifiche, la mwenye nyumba lifiche, la ajenti pia. Nitaanza na zitakazofika kabla ya Ijumaa.